W100, W80 au 15W-50? Oili ya Cessna kwenye baridi ya Minnesota

"Fundi, habari za kazi. Nilijifunza kurusha ndege pale Wilson, Nairobi, na mwaka mzima tulikuwa tunamimina W100 bila kujiuliza. Sasa naishi Minnesota, na mwaka huu mimi na wenzangu wawili tumenunua Cessna 172N ya 1979. Tunaiweka Blaine, kwenye hanga lenye umeme lakini lisilo na joto. Mwenzetu mmoja anasema tuweke W80, mwingine anang'ang'ania 15W-50, na jamaa mmoja wa hapa uwanjani ametuambia W100 inatosha kwa sababu hiyo W maana yake ni majira ya baridi. Kwenye gari langu natumia 0W-40 ya sintetiki na linawaka hata asubuhi ya baridi kali. Mbona tusiweke hiyo? Halafu kuna jambo linaninyima usingizi. Novemba tuliiwasha injini kukiwa nyuzi 9 chini ya sifuri bila kuipasha moto, kwa kuwa tuliambiwa kupasha ni lazima kuanzia 12 chini ya sifuri. Iligoma, ikawaka mara ya tatu. Je, tumeiumiza? Ina saa 1,100 tangu ifanyiwe ovahoo, na tunairusha mara mbili kwa mwezi, tatu tukibahatika."

Ndugu yangu, hongereni kwa ndege. Kilichonishtua, hata kabla sijafika kwenye ubishi wa W80 na 15W-50, ni ile herufi N na ule mwaka wa 1979. Cessna 172N zilitoka kiwandani na injini ya Lycoming O-320-H2AD ya nguvu farasi 160, na injini hiyo ina masharti ambayo ndugu zake wengi wa O-320 hawana. Basi kazi ya kwanza ni kwenda hangani na tochi mkasome kibati cha injini na kitabu chake. Zipo ndege za aina hii ambazo wamiliki walikwisha kuziwekea injini nyingine. Kama yenu bado ni H2AD, karibu kila nitakachosema kinawahusu. Kama siyo, nitaonyesha pale mambo yanapotofautiana.

Hiyo W imepoteza wengi. Kwenye W100 na W80, W haihusiani na baridi hata kidogo. Inaonyesha kwamba oili imetiwa dawa ya kutawanya uchafu ambayo haiachi majivu inapoungua. Kwenye 15W-50, hapo ndipo W ni ya majira ya baridi: 15 inaeleza oili inavyojimudu ikiwa baridi, na 50 inaeleza ilivyo ikishapata moto. Herufi moja imepewa kazi mbili kwenye makopo yanayokaa rafu moja, na aliyepanga hivyo hakutuonea huruma. Namba nazo zimetoka kwenye vipimo tofauti. Ile 100 ya ndege ni takriban sekunde ambazo oili ilichukua kupita kwenye tundu la kipimo cha zamani cha Saybolt, ikiwa na joto la nyuzi 99. Ukizigeuza ziwe namba za SAE, kile kipimo cha uzito wa oili kinachotumika hata kwenye magari, 65 ni 30, 80 ni 40, 100 ni 50, na 120 ni 60.

Kwa hiyo W100 na 15W-50 zikishapata joto la kazi zote ni SAE 50. Anayekuambia 15W-50 ni majimaji, kwamba itaiacha injini bila kinga angani, amekosea. Zinatofautiana asubuhi, kabla injini haijapata moto.

Pale Wilson hamkukosea. Asubuhi ya Julai ikikaza sana inashuka hadi nyuzi 10 hivi, na mwanafunzi wa kwanza anapomaliza ukaguzi wake jua limekwisha kupanda. Waraka wa Lycoming namba 1014, ambao ndio msingi wa jedwali mtakaloliona kwenye kitabu cha ndege, unaruhusu SAE 50 hewa ikiwa juu ya nyuzi 16. SAE 40 unaiweka kati ya 1 chini ya sifuri na 32 juu, na inarudi tena kwenye mstari unaofuata, pamoja na SAE 30 na 20W-40, kati ya 18 chini ya sifuri na 21 juu. Chini ya 12 chini ya sifuri yanabaki majina mawili ya kawaida, SAE 30 na 20W-30. 15W-50 na 20W-50 zimeandikiwa hali zote za joto. Sasa chukua jedwali hilo uliweke Minneapolis, ambako wastani wa usiku wa Januari ni karibu nyuzi 13 chini ya sifuri na zipo siku zinazoshuka mbali zaidi ya hapo. W100 haina nafasi. W80 ina nafasi siku nyingi, lakini si zote.

Soma jedwali hilo kwa joto la mahali injini ilipolala. Watu hutazama kalenda, au huhofia baridi ya futi 6,000. Hiyo ya angani isiwasumbue kwa sasa, maana injini inayofanya kazi inajitengenezea joto lake. Swali la gredi ni moja tu: stata itakapoanza kuzungusha, oili iliyomo ndani ya mabomba itakuwa na nyuzi ngapi?

Umeona samli asubuhi ya baridi kule Limuru, kijiko kinavyosimama wima? Oili ya gredi ya 50 nayo hufika huko, na ikikaribia nyuzi 20 chini ya sifuri huacha kumiminika kabisa. Hata kabla ya hapo stata inalemewa, betri ambayo nayo imedhoofishwa na baridi inakata tamaa, na pampu inavuta uji. Kwenye Lycoming kuna la ziada: kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, imelala juu ya kranki, ule mhimili unaozungusha propela, na oili inaifikia hasa kwa kurushiwa na kranki na konrodi za pistoni zinapozunguka. Ndiyo ya mwisho kupata. Oili ikiwa nzito, kemshafti na tapeti zinazosukumwa nayo zinasuguana kavu huku wewe umetulia ukitazama geji ya presha imepanda vizuri. Geji haijadanganya, ila inapima presha ya pale ilipounganishwa tu. Haijui lolote kuhusu kemshafti. Na oili nzito ikishindwa kupenya filta, valvu ya dharura inafunguka na oili inapita bila kuchujwa.

Halafu kuna chuma chenyewe. Kasha la injini ni la aluminiamu, kranki ni ya chuma kigumu, na aluminiamu husinyaa karibu mara mbili ya chuma. Injini ikilala kwenye baridi kali, nafasi kati ya kranki na beringi zake inapungua, yaani mlango unakuwa mwembamba saa ile ile oili imekuwa nene. Hakuna gredi inayotibu hilo. 15W-50 itafika haraka kwenye beringi, lakini haiwezi kuzirudishia nafasi yake. Kinachoirudisha ni joto. Ndiyo maana nikiulizwa oili ya majira ya baridi, mimi huuliza kwanza habari za hita.

Na hapa ndipo mlipoteleza Novemba. Aliyewaambia 12 chini ya sifuri hakubuni. Ndiyo namba ya Lycoming kwa injini zake nyingi, imo kwenye waraka namba 1505. Lakini waraka huo huo unazitenga O-320-H na O-360-E, na kwa hizo kupasha moto ni lazima injini ikishuka chini ya nyuzi 6 chini ya sifuri. Mliwasha kwenye 9. Kwa injini ya jirani ingekuwa halali. Kwa yenu haikuwa.

H2AD ilipata jina baya mapema kwa kuliwa kwa kemshafti na tapeti. Shirika la usafiri wa anga la Marekani, FAA, lilitoa agizo namba 80-04-03 linalotaka injini hizi zitiwe kemikali ya kuzuia msuguano ya Lycoming, LW-16702, au oili ambayo tayari ina kemikali inayolingana nayo. Hili ni sharti la kisheria la ndege kuruka, si pendekezo la fundi. AeroShell W15W-50, yaani 15W-50 ya kampuni ya Shell, inayo ndani yake. W100 Plus na W80 Plus zinayo. W100 ya kawaida, W80 ya kawaida na Phillips X/C 20W-50 hazina, na ukizitumia lazima uongeze kopo la LW-16702 kila mnapobadilisha oili. Kwa hiyo mwenzenu wa W80 ana hoja kwenye gredi, lakini akileta kopo lisilo na neno Plus atakuwa ametatua baridi na kuvunja agizo. Fungueni kitabu cha injini muone aliyewauzia alikuwa anaandika nini kila baada ya kubadilisha oili. Mkikuta miaka ya W100 tupu bila kutajwa kwa kemikali hiyo, hayo ni mazungumzo ya ana kwa ana na fundi mwenye leseni, na yafanyike kabla ya safari inayofuata.

0W-40 ya gari hapana, na nisingependa uijaribu hata kwa lita moja ya kujazia. Oili za magari zina viambata vyenye metali kama kalsiamu na zinki. Injini ya ndege inayopozwa na hewa huunguza oili kidogo kidogo, na metali hizo huacha majivu kwenye kichwa cha pistoni. Majivu hayo yakiwa mekundu kwa moto yanawasha mchanganyiko kabla plagi haijatoa cheche, na pistoni hutoboka. Kuhusu sintetiki tupu, hilo nalo lilijaribiwa. Mobil iliuza AV 1, oili ya sintetiki kamili ya injini za ndege za pistoni, ikaondolewa sokoni miaka ya 1990 baada ya injini kujaa tope. Petroli ya ndege ya 100LL ina madini ya risasi, na sintetiki tupu haikuweza kuyabeba mabaki ya risasi ndani yake kama oili ya madini inavyoweza. Ndiyo sababu 15W-50 ya AeroShell ni nusu kwa nusu. Mkisikia rubani wa Rotax 912, injini ya ndege nyepesi, akisifu oili inayofanana na ya pikipiki, yuko sawa kwa injini yake, ambayo ina giaboksi ndani ya oili hiyo hiyo na vichwa vya silinda vinavyopozwa kwa maji. Msiazimane naye.

Basi mchague ipi? Ningekuwa mshirika wenu wa nne, ningepigia kura AeroShell W15W-50 kuanzia Oktoba hadi Aprili. Kemikali ya agizo imo, hamna kopo la kusahau, na kuna siku mtakwenda Duluth kula chakula cha mchana, hali ya hewa ifunge, ndege ilale nje mahali pasipo na soketi. Usiku huo ndio unaolipia bei ya maltigredi, yaani oili ya namba mbili kama 15W-50. W80 Plus ni chaguo la heshima kama kila mara mtaipasha moto vizuri na hamlali ugenini, na ina faida moja ambayo wapenzi wa maltigredi hawapendi kuitaja. Mafundi wengi, nami nikiwemo, tunaona oili ya gredi moja inabaki ikiwa imeshika chuma kwa muda mrefu zaidi ndege ikikaa bila kuruka, ilhali maltigredi hutiririka na kuacha kemshafti wazi kwa kutu. Kwa ndege inayoruka mara mbili kwa mwezi hilo si dogo. Ndiyo maana sisemi 15W-50 mwaka mzima. Mei ikifika na mkaona siku za nyuzi 16 na zaidi zimezoeleka, rudini kwenye W100 Plus. Hamhitaji kuisafisha injini kati ya moja na nyingine, kwani oili hizi za ndege zenye W zinachanganyika bila kudhuru. Mkiongeza kidogo ya hii juu ya ile hakuna kitakachoharibika, ila mtapoteza sehemu ya faida mliyonunua. Na muda wa kubadilisha ni saa 50 au miezi 4, kinachotangulia. Kwa mwendo wenu miezi 4 itawafikia kwanza, na hapo ndipo wamiliki wengi hujipa msamaha wasioustahili.

Hita sasa. Hanga lenu lina umeme, kwa hiyo hamna udhuru. Fungeni pedi za umeme kwenye sampu, kile chombo cha oili chini ya injini, na kwenye silinda, funikeni kava la injini kwa blanketi lake, zibeni matundu ya mbele, na kama mnaweza funikeni hata propela, maana ule mchi wa aluminiamu unanyonya joto kutoka kwenye kranki na kulitoa nje. Ziwashwe usiku wa kuamkia safari. Kuna swichi za simu siku hizi. Aliyezoea kutuma pesa kwa simu hatashindwa kutuma joto. Hita ndogo ya nyumbani iliyopachikwa kwenye tundu la mbele haifai. Inapasha vichwa vya silinda, stata inazunguka kwa raha, injini inawaka, na huku oili kwenye rejeta ya kuipozea na mabomba bado imeganda. Hiyo ni hatari kuliko injini iliyokataa kuwaka, kwa sababu iliyokataa angalau haisagiki. Mkitumia mashine kubwa ya hewa moto, elekezeni sampu, filta na rejeta kwanza, wekeni mkono muone kama chuma chenyewe kimeshika joto, na muwashe mara moja mkimaliza.

Wengine huacha pedi ya sampu ikiwaka miezi yote ya baridi. Mimi siipendi kama hakuna pedi za silinda na blanketi pamoja nayo. Unyevu unapanda kutoka kwenye oili ya moto, unakutana na kemshafti baridi huko juu, unakuwa maji.

Wala msizungushe propela kwa mkono mkidhani mnasambaza oili. Mnachokwangua ndicho hicho mnachotaka kukilinda, na magneto, kifaa kinachozipa plagi umeme, ambayo waya wake wa kuzimia umekatika inaweza kuwasha injini mkono ukiwa pale.

Mkishawasha, kaeni kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika. Kitabu cha Cessna kinasema presha isipoanza kuonekana ndani ya sekunde 30 wakati wa joto, au takriban mara mbili ya hapo kwenye baridi kali, zima ukachunguze. Injini ikikohoa mara moja na kufa, na tena isishike, mara nyingi maji ya ule mwako mdogo yameganda kwenye ncha za plagi. Kuendelea kusukuma petroli hapo ni kuomba moto kwenye kabureta, rudisheni hita.

Angani tatizo linageuka: oili inabaki baridi mno. Injini inapoungua hutengeneza maji, na maji hayo hayatoki kwenye oili mpaka ifike karibu nyuzi 82 na kukaa hapo kwa muda. Mkiona sindano inazembea chini sana, ulizeni kama mnavyo vibati vya majira ya baridi vya Cessna, vile vinavyopunguza matundu ya mbele. Seti hiyo ina na kizuia baridi cha bomba la injini la kupumulia. Bomba hilo hutoa mvuke nje, na mvuke ukiganda mdomoni presha inapanda ndani ya kasha hadi oili sili ya mbele ya kranki itoke na kumwaga oili yote. Likagueni kila kabla ya safari, pamoja na kile kitundu kidogo cha akiba ubavuni mwake. Kwa sababu hiyo hiyo ya maji, kuiwasha injini dakika kumi hangani "ili isikae bure" ni kuinywesha unyevu bila kuukausha. Kama hamrushi, msiiwashe.

Je, mmeiumiza? Kuwasha mara moja kwenye nyuzi 9 chini ya sifuri hakuui injini. Lakini uchakavu wa aina hii unajumlishwa, na nikiwa mbali siwezi kukuambia hesabu yenu imefika wapi. Badilisheni oili sasa, msisubiri saa 50. Sheria ya Marekani inamruhusu rubani mmiliki kubadilisha oili yake mwenyewe na kuiandika kitabuni, lakini safari hii mwiteni fundi mwenye leseni ya matengenezo ya fremu na injini za ndege, yaani A&P awe pamoja nanyi. Akate filta, aikunjue karatasi yake, apitishe sumaku. Chukueni na sampuli ya oili ipelekwe maabara, na mrudie kwenye mabadiliko mawili yanayofuata, maana namba za chuma za sampuli moja hazisemi mengi mpaka zilinganishwe na nyingine. H2AD ina jambo moja jema ambalo Lycoming nyingi hazina: tapeti zake zinatoka bila kupasua kasha. Fundi akipata shaka anaweza kuzitoa na kutazama nyuso zake na meno ya kemshafti kwa macho.

Vipande vya chuma vinavyong'aa na kushikwa na sumaku, mlio wa kugonga usiokwisha injini ikishapata moto, mizunguko isiyofika pale ilipokuwa inafika ndege ikiwa imefungwa breki na gesi yote imefunguliwa, au presha ya oili iliyoshuka kuliko mlivyoizoea: kimojawapo cha hivyo kikitokea, msiirushe kuipeleka kwa fundi. Fundi aje Blaine.